Geji ya Pacha wa Kulia

Ndege yangu ina viti viwili. Watu wengi wakiiona huanza na mabawa, au na injini, kisha huniuliza kwa adabu kama kweli inaruka. Mimi huanza na viti. Cha kushoto ni changu. Cha kulia nilikijenga kwa ajili ya mke wangu, na ili nipate kipimo nilimwomba akae juu ya debe nikajifanya napima rafu ya jikoni. Alinigundua kabla sijakunja futi kamba.

"Hicho kiti weka gunia ya mahindi," aliniambia. "Mimi nitaenda Bungoma na barabara kama watu wengine wa Mungu."

Miaka minane nilijenga ndege ndani ya ghala letu la mahindi hapa Kitale, na miaka yote hiyo nilitaka jambo moja: siku moja mke wangu akalie kile kiti kwa hiari yake, turuke mpaka kwao. Kuruka peke yangu kulikuwa raha, sikatai, lakini mtu hajengi viti viwili ili abebe mahindi. Yeye alikuwa na sharti moja, na alilisema mara moja tu, akiwa anachambua maharagwe bila kuniangalia.

"Siku utaniambia umekagua kila kitu na mikono yako, na mimi niamini, nitapanda."

Sharti lilionekana jepesi. Nilifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja cha hapa mpaka nikastaafu, na kama kuna jambo nililowapigia wanafunzi kelele hadi sauti ikakauka, ni kukagua. Sikuwa mwalimu mpole. Mwanafunzi aliyeacha boliti moja bila kukaza alizifungua zote upya, hata kama kengele ya chakula imelia. Kwa hiyo niliposikia sharti la mke wangu nilicheka moyoni. Nikadhani ameshasema ndiyo, anachelewesha tu.

Injini niliitoa kwenye gari dogo la zamani, aina ile inayopozwa kwa upepo badala ya maji. Silinda zake nne zimelala mbili kushoto na mbili kulia, zimepeana mgongo kama wanandoa waliogombana. Mashine nzuri, haina makuu. Swali lilikuwa kabureta.

Kabureta ndilo jiko la injini: hapo ndipo petroli hukutana na hewa. Petroli hupitia kwenye jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba linaloweza kuzibwa na unywele, na tundu hilo ndilo huamua mambo. Mafuta yakizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi. Yakipungua, silinda hupata joto kupita kiasi, na ukiendelea kukaidi, injini hujishika na kusimama. Kwenye gari utashuka ukasukuma. Kwenye ndege hakuna wa kusukuma.

Mimi nilikuwa nimependa kabureta moja ya ndege hasa, iliyong'aa, ya kukaa katikati na kulisha pande zote mbili kwa mabomba marefu. Niliiona kwenye picha nikaipenda jinsi kijana anavyopenda viatu. Aliyenipinga alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi wa pikipiki mjini Bungoma. Huyu ni mtu anayeweza kusimama kando ya barabara akasikia pikipiki ikipita, akakuambia ni skrubu gani imelegea. Mimi ni wa familia zilizotoka mkoa wa kati zikaja Trans-Nzoia kutafuta shamba, na nilipooa Bungoma nilipata pamoja na mke fundi wa maisha.

"Mulamwa," aliniambia, kwa jina lile watu wa kwao humwitia shemeji, "kabuleta moja ya nini na injini iko na mabega mawili? Weka mbili. Kila upande na yake. Na usiweke kitu ya kutoka ng'ambo. Ikihalibika Kapsokwony, itengenezwe Kapsokwony."

"Sitaenda Kapsokwony na ndege, huko mlimani."

"Hata Kitale ni mlima kwa kabuleta. Panda hapa nyuma nikuonyeshe."

Alinipakia kwenye pikipiki yake kubwa, yenye kabureta ya aina ile ile aliyokuwa akinipendekezea. Pale Bungoma, chini, alifungua plagi akanionyesha: rangi ya chai ya maziwa, ishara ya afya. Tukapanda mlima. Barabara za Kapsokwony zimesimama wima kiasi kwamba abiria humkumbatia dereva hata kama hawajuani. Kabla hatujafika sokoni pikipiki ilianza kukohoa moshi mweusi. Akafungua plagi tena. Nyeusi kama chungu cha matanga.

"Umeona? Huku juu hewa ni nyepesi, lakini mafuta inakuja ile ile. Inazidi."

Waendesha bodaboda wa pale walikuwa na dawa yao, na nusu yao walifundishwa na yeye. Huchukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, wakaupenyeza kwenye tundu la jeti na kuikunja ncha usitoke. Tundu linapungua, mafuta yanapungua, moshi unakwisha. Zaidi ya hapo petroli inadumu, na mtu wa bodaboda ukimwambia petroli itadumu umemwambia habari njema. Nilisimama pale nikausifu ule waya kwa sauti. Nikasema hiyo ndiyo fizikia, nikasema chuoni tungehitaji vichwa kama hivyo. Shemeji alifurahi akaninunulia ndizi.

Basi nikachagua kabureta mbili. Zilifungwa moja kila upande, mke wangu akaziangalia na kusema, "Hao ni mapacha," na tangu siku hiyo tukaziita pacha wa kushoto na pacha wa kulia.

Ubishi mkubwa ulikuja kwenye geji. Ubao wa mbele niliukata kutoka bati zito la aluminiamu, nikatoboa matundu ya geji za lazima: mwendo, kimo, mizunguko ya injini, presha ya oili, na joto la silinda za kushoto. Dira ikakaa juu ya ubao. Likabaki tundu moja, upande wa kulia, mbele ya kile kiti kisicho na mtu. Mimi nilishajua litaingia nini. Mkulima mmoja mzee aliyewahi kuwa na ndege ya kunyunyizia dawa alinipa geji ya upeo, ile yenye kindege kidogo na mstari unaotenganisha rangi ya mbingu na rangi ya ardhi. Ndege ikiinama, mstari unainama. Niliisugua kwa majivu na limau ikang'aa. Kwa wiki nzima ilikaa kwenye meza ya chakula, na mgeni yeyote aliyekuja alilazimika kuisifu kabla ya kupewa chai.

"Hii inafanya kazi gani?" mke wangu aliuliza.

"Inaniambia kama ndege imelala upande."

"Mlima Elgon si uko pale? Ukiuona umelala, ujue ni wewe umelala."

Nilimweleza habari za mawingu. Akaniuliza kama nakusudia kuingia kwenye mawingu. Nikasema hapana, sheria hainiruhusu. Akaisogeza kando kama mtu aliyeshinda, kisha akauliza ile geji ya joto inapima upande gani.

"Kushoto."

"Na kulia?"

"Injini ni moja. Kushoto kukiwa sawa, kulia pia ni sawa."

Alikuwa muuguzi wa wodi ya uzazi kabla hajastaafu, na nilimwona akikaa wima jinsi alivyokaa zamani akivaa sare. "Baba watoto," alisema, "mimi nimepima joto ya watu maisha yangu yote. Mapacha, kila mtu anapimwa yake. Huwezi kupima mmoja ukaandika wote. Nilimwona muuguzi mgeni akijaribu hiyo, na matron akamfukuza kwa wodi."

Nilikasirika. Naomba niseme ukweli, nilikasirika vibaya, kwa sababu hakuna kinachouma kama kusahihishwa ufundi na mtu asiye fundi akiwa na haki. Nilitoka nje nikamwaga maji ya kuku waliokuwa hawajanywa. Siku mbili sikumsemesha isipokuwa kuomba chumvi. Siku ya tatu niliichukua geji ya upeo mezani, nikaifunga kwenye kitambaa, nikairudisha kabatini. Kwenye tundu la mwisho ikaingia geji ya joto ya pacha wa kulia. Mke wangu aliiona, na jioni hiyo nilipewa chapati na haikuwa Krismasi.

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Nairobi, mtu makini, akalala chini ya ndege na tai yake, akaridhika. Aliniachia daftari na onyo moja: kila kazi ya injini ikaguliwe na jicho la pili, si la yule aliyeifanya, kisha anayekagua atie sahihi. Nilimwambia anamwambia samaki habari za maji. Wanaume wanne wa mtaa wa Kipsongo niliozoea kuwapa vibarua vya palizi walinisaidia kubeba mabawa mpaka uwanja mdogo wa ndege, na mmoja wao aliuliza njia nzima, "Mzee, sasa hii ati ikizima huko juu, unaita nani?"

Haikuzima. Niliruka peke yangu saa zote za majaribio nilizotakiwa, juu ya mashamba ya Kitale, nikitua pale pale nilipoondokea. Geji ya kimo niliiweka isome sifuri nikiwa chini uwanjani, ili namba zote ziwe za kwetu. Tatizo lilikuwa moja tu, moshi. Kitale iko juu, kama alivyosema shemeji, na jeti nilizopata zilikuwa na tundu kubwa kidogo. Plagi zote nne zilipakaa masizi. Injini yenye masizi inaudhi, lakini humrudisha mtu nyumbani, na ningeiacha hivyo kama si majivuno. Sikutaka kutua Bungoma, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, nikifuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikamwita shemeji aje asafishe mapacha.

Alikuja Jumamosi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mke wangu alichinja jogoo ambaye mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba ni chakula. Shemeji alianza na pacha wa kulia. Mimi nilikuwa nageuza mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, nikimsikia akiimba wimbo wa kanisani. Alipomfungua pacha wa kushoto, mke wangu akaita chakula. Kwa watu wa Bungoma kuku akishaiva hangojei kabureta. Shemeji alimfunga pacha wa kushoto upesi upesi, akanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, tukala. Mimi kama mwenye nyumba nilichukua firigisi, kipande cha heshima, kwa mkono wangu nikamwekea kwenye sahani yake.

Baada ya kula nilileta daftari. Mstari ulikuwa wazi: kazi imefanywa na fulani, imekaguliwa na fulani. Shemeji aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Akanipa kalamu. Sasa niambie, mtu ambaye umempa firigisi dakika kumi zilizopita, mdogo wa mke wako, aliyekuja kutoka Bungoma kukusaidia bila kuombwa mara mbili, utainuka mbele yake ukafungue kazi yake kuona kama amekosea? Kwetu sisi hiyo ni kumwambia mtu humwamini, na shemeji asiyeaminiwa ni kesi inayofika mpaka kwa wazee. Nikatia sahihi. Nilijiahidi nitafungua akishaondoka. Alipoondoka, mawingu yakatoka upande wa Cherangani, na mimi, mke wangu na majirani tukakimbizana na mahindi kuyaingiza ndani. Asubuhi yake niliwasha injini. Plagi za kulia zilitoka rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa. Za kushoto zilikuwa na masizi kidogo. Nikaruka mara mbili kuzunguka Kitale, ikaimba. Nikasema moyoni, huyu pacha wa kulia sasa ndiye mtoto mwenye adabu, huyu wa kushoto nitamrekebisha siku nyingine.

Jumatano iliyofuata mke wangu alitoka chumbani amevaa nguo ya kanisani, amejifunga leso, na kiondo mkononi chenye sukari na majani ya chai ya kupeleka kwao. Nilijua maana yake kabla hajafungua mdomo. Nilivaa viatu bila soksi kwa furaha, mtu mzima kama mimi.

Tulifika uwanjani. Alizunguka ndege mara moja, akagonga bawa kama mtu anayegonga tikiti maji. Kisha akanitazama usoni.

"Umekagua kila kitu?"

"Nimekagua."

"Na mikono yako?"

Hapo nilimkumbuka kuku. Nilimkumbuka vizuri sana, mpaka mchuzi wake. Na kile kiti cha kulia kilikuwa wazi, mlango uko wazi, miaka minane imesimama pale ikiningoja niseme neno moja.

"Na mikono yangu," nikasema.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Mimi ulimi haukujikwaa hata kidogo, ulitoka laini, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Akapanda.

Sitaweza kueleza dakika ishirini za kwanza bila kujipendekeza. Alishika kiondo kwa mikono yote miwili wakati wa kuondoka, kisha akakiachilia. Akaona mashamba ya mahindi yamepangwa kama vitambaa vya meza, akaona Mto Nzoia ukijinyonganyonga, akaona mlima wote kwa mara moja, na kwenye vipokea sauti masikioni nikamsikia akicheka peke yake. "Kumbe hii ndiyo ulikuwa unaona!" alisema. "Na hukunilazimisha!" Nilimkumbusha kwamba nilijaribu. Akanipiga begani. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena ikiwa nzima hivyo.

Ardhi ilianza kuteremka kuelekea Bungoma, nami nikateremka nayo polepole.

"Mzee, hii ya kulia imepanda."

"Ni jua."

"Jua liko upande wako." Alikuwa ameinamia ile geji. "Ya kushoto imekaa pale pale. Hii imepanda mistari miwili. Sasa ni mitatu." Kisha akageukia geji ya kimo. "Na hii nyingine inasema tuko chini ya nyumba yetu."

Nikaangalia. Mshale ulikuwa umeipita sifuri ya Kitale ukirudi nyuma. Tulikuwa hewani, lakini chini ya ghala letu la mahindi, na hewa hapa ilikuwa nzito kuliko ya kwetu. Nikakumbuka Kapsokwony. Nilikuwa nimejifunza kinachotokea mtu akipanda: hewa inapungua, mafuta yanazidi. Kichwa changu cha mwalimu hakikuwahi kujiuliza kinachotokea mtu akishuka. Hewa inaongezeka. Na kama kuna mtu amepunguza mafuta ili yatoshe Kitale, basi kwa Bungoma hayatoshi, na silinda zinaungua. Nikauona ule uzi wa shaba kama mtu ameuweka kiganjani mwangu. Nikajua nani aliuweka, na nani hakuutazama.

Niliogopa. Si kwa ajili yangu, mimi nilishaishi. Nilimwogopea yule aliyekuwa ameketi pembeni yangu kwa sababu ya neno langu.

Nilipunguza nguvu ya injini, nikanyoosha pua ya ndege kuelekea uwanja wa Bungoma, nikaacha tushuke taratibu ili upepo upoze. "Nisomee," nilimwambia. Na yeye, bila kuuliza kwa nini, akaanza kunisomea kwa ile sauti ya wodini ambayo haipandi wala haishuki. "Imesimama. Bado imesimama. Imerudi mstari mmoja. Endelea hivyo hivyo. Imerudi wa pili." Mimi niliangalia nje, yeye akaangalia ndani, na injini ikaendelea kuvuta kwa upole mpaka magurudumu yakagusa nyasi, yakaruka, yakagusa tena.

Ukoo ulikuwa umekuja wote; kumbe mke wangu alishawapigia simu. Akina mama walipiga vigelegele, mama mkwe alikuwa amekalia kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na shemeji alikuwa wa kwanza kufika kwenye injini, uso wote meno.

"Mulamwa! Imevuta aje huyo wa kulia? Si nilikuwekea kawaya, bana, ile ya Kapsokwony! Ile ulisifu. Nilitaka uende na uludi na petloli kidogo, usisumbuke. Huyo mwingine dada aliita chakula, nikasahau."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyetoa zawadi. Mke wangu alikuwa bado anafungua mkanda. Akauachia, akanitazama. Alikuwa ameelewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Kwa hivyo hukukagua."

Mficha uchi hazai. Nikasema pale pale, mbele ya shemeji na mbele ya mama mkwe: nilitia sahihi bila kufungua, na asubuhi ile nilimwambia uongo. Nikaeleza habari ya firigisi. Nikaeleza habari ya heshima. "Nitamkagua shemeji aje? Si ningekuwa nimemtukana?"

"Huyu?" Mke wangu alimnyooshea mdogo wake kidole. "Huyu nilimkagua masikio kila asubuhi akienda shule mpaka darasa la sita, na hajawahi kushtaki kwa wazee."

"Na ulikuwa unayavuta," shemeji akasema.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu kulia kungehitaji maelezo. Shemeji ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Alikuwa ameshika silinda ya kulia na kuachia mkono upesi, na sasa alikuwa akiitazama ndege, kisha dada yake, kisha ndege. "Ningewaua," alisema kwa sauti ndogo. Dada yake akamwambia akalete spana.

Tulitandika leso yake kwenye nyasi, chini ya bawa. Injini ilipopoa niligeuza propela kwa mkono, nikasikiliza, silinda zote nne zikapumua sawasawa. Plagi za kulia zilikuwa nyeupe kama chaki, dalili ya njaa ya mafuta. Tukawafungua mapacha wote wawili, kila kipande kikawekwa kwenye leso kwa mpangilio. Shemeji alitoa uzi wa shaba, mwembamba kama ndevu ya hindi, akauzungusha kidoleni na kuutia mfukoni. Kisha nikamkabidhi mke wangu jeti ya kwanza. Aliielekeza juani, akafumba jicho moja.

"Naona mwanga. Ni mviringo. Hauna kitu ndani."

Akachukua ya pili. "Hii pia."

Tulipofunga nililileta daftari. Nikaandika jina la shemeji penye kufanya, na penye kukagua nikampa kalamu mke wangu. Alisoma ukurasa wote kwanza, pamoja na sahihi yangu ya Jumamosi, akaikazia macho muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akatia yake chini ya ile yangu, polepole, kwa mwandiko ule ule aliotumia kwenye kadi za watoto wachanga.

Tulikula. Kulikuwa na kuku, bila shaka, na safari hii firigisi nilipewa mimi, sikujua kama ni heshima au adhabu. Saa tisa hivi nilimchukua mke wangu pembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu wakati wote wa chakula. Nilimwambia nimevunja sharti lake, kwamba kile kiti sikukipata kwa haki, na kwamba kaka yake mkubwa ana gari na yuko tayari kumrudisha Kitale jioni hiyo. Nilimwambia sitanung'unika. Nilimaanisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kiondo chake, sasa kimejaa ndizi za mama yake, akavuka uwanja hadi kwenye ndege, akafungua mlango wa kulia mwenyewe. Nilipofika alikuwa ameshakaa, ameshafunga mkanda, anapangusa kioo cha ile geji kwa ncha ya leso.

"Wewe nitakuongelesha tukifika nyumbani," alisema. "Lakini nikienda na gari, pacha wa kulia atapimwa joto na nani?"